Tom Mboya: Bwana Afya Aliyetetea Mkate wa Mfanyakazi



Wapendwa waamini, padre anayezunguka katika vigango vya Mpapura na pwani yetu hadi mlango wa mto Ruvuma, akiwapelekea wagonjwa Ekaristi Takatifu, hujifunza mapema jambo ambalo hakufundishwa seminarini. Ugonjwa mwingi haukuanza siku homa ilipopanda. Ulianza siku kazi ilipokoma. Niliwahi kumtembelea baba mmoja aliyekuwa kibarua katika ujenzi mjini Mtwara. Kazi ilipokwisha alirudi kijijini na begi lake, akaacha kunywa dawa za shinikizo la damu kwa sababu hela iliyobaki ilikuwa ya unga na ya daftari za watoto. Miezi michache baadaye nilimkuta amelala upande mmoja, mkono wa kulia haunyanyuki. Mkewe aliniambia kwamba mumewe aliugua kwa mawazo. Daktari angesema ni kiharusi. Nadhani wote wawili wangekuwa sahihi.

Nikiwa njiani kurudi parokiani nilimkumbuka mlei mmoja Mkatoliki wa Afrika Mashariki ambaye vijana wetu wanalijua jina lake kwa sababu ya kifo chake, lakini wachache wanajua alianzia wapi. Kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi na waziri, Tom Mboya alikuwa bwana afya. Ndani ya maisha yake mafupi, mambo haya matatu yaani kazi, hifadhi ya maskini na afya hayakutengana kamwe. Ndiyo maana nawaletea leo habari zake, tupate kujipima sisi wenyewe.

MTOTO WA SHAMBA LA MKONGE

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, siku ambayo Kanisa linaadhimisha Kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa Wakatoliki kutoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Lakini hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi wa Kizungu ambako baba yake alikuwa mfanyakazi na baadaye msimamizi wa vibarua.

Wazee wa Lindi na Mtwara hawahitaji kuelezwa shamba la mkonge ni kitu gani. Wanaijua katani yake, miiba yake, kazi ya kukata kwa hesabu ya matita, na safu za nyumba za vibarua ambamo watu wa makabila mengi waliishi pamoja. Ndivyo ilivyokuwa Kilimambogo. Mtoto Thomas alikua akizisikia lugha nyingi, akaziongea zaidi ya moja, na jambo hilo lilimfaa baadaye alipowakusanya wafanyakazi ambao wenye mamlaka walipenda kuwaona wamegawanyika kwa makabila.

Mishahara ya vibarua ilikuwa midogo, lakini wazazi wake waliamua kumsomesha. Alisoma katika shule za misheni: kwanza Kabaa katika nchi ya Wakamba, kisha Yala katika shule ya Mtakatifu Maria huko Nyanza, na hatimaye Mang'u, katika shule ya wamisionari wa Roho Mtakatifu. Alikuwa na akili ya kuendelea mbele zaidi. Kilichomkatiza ni karo. Nyuma yake walikuwapo wadogo zake waliohitaji kusoma, na mshahara wa baba haukutosha wote. Kijana huyo akachagua kutafuta mafunzo ambayo hayatailemea familia, na ambayo yatampatia kazi mapema.

BWANA AFYA WA NAIROBI

Mwaka 1948 aliingia katika mafunzo ya ukaguzi wa afya huko Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Alihitimu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukagua usafi wa nyumba, masoko, maduka ya vyakula na maziwa. Alipaswa kuangalia choo kilipo, maji yanakotoka, na idadi ya watu wanaolala katika chumba kimoja.

Tuitafakari kazi hiyo kidogo, kwa maana ndiyo iliyomfungua macho. Bwana afya hutumwa kuwaambia watu wachemshe maji, wafungue madirisha, wasilale wengi chumba kimoja. Mboya aliingia katika nyumba za Waafrika wa Nairobi akakuta wanaume wanaopanga sehemu ya kitanda tu, si chumba. Mtu wa namna hiyo hata ukimhubiria usafi asubuhi hadi jioni, atakuitikia kwa heshima, kisha atalala palepale, kwa sababu mshahara wake haumpi mahali pengine.

Mishahara hiyo haikuwa midogo kwa bahati mbaya. Ilipangwa hivyo. Serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi wa Kiafrika kama mwanamume asiye na familia, aliyekuja mjini kwa muda. Mke na watoto walidhaniwa wanakula shambani. Akiugua, ikidhaniwa kwamba kijiji kitamuuguza. Akikosa kazi, kijiji kitamlisha. Akizeeka, kijiji kitamzika. Kwa maneno mengine, mwajiri alichukua nguvu za mtu, na gharama za udhaifu wake akaziachia jembe la mkewe. Mwaka 1954 tume ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba mshahara unapaswa kumtosha mfanyakazi pamoja na familia yake.

Mboya mwenyewe aliionja dharau ya mfumo huo. Yeye na wakaguzi wenzake wa Kiafrika walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa wakaguzi wa Kizungu kwa kazi ileile. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima sampuli za maziwa. Mama mmoja wa Kizungu aliingia na chupa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu mle ndani, ilhali Mboya amesimama mbele yake. Kijana akamwuliza kwa upole kama macho yake yana hitilafu. Mama akakasirika, akataka ahudumiwe na Mzungu. Tukio hilo Mboya hakulisahau. Kuhesabiwa kuwa hupo wakati umesimama pale ni jeraha ambalo kila asiye na kazi analijua, maana naye huzoea kupitwa na macho ya watu kana kwamba hayupo.

KUTOKA USAFI WA NYUMBA HADI HAKI YA MSHAHARA

Waajiriwa wa Kiafrika wa halmashauri walikuwa na umoja wao mdogo. Mboya akachaguliwa kuuongoza, na mwaka 1953 umoja huo ukageuka kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa nchini Kenya. Kazi ya chama haikuwapendeza wakubwa, na utumishi wake katika halmashauri ukafikia kikomo mwaka huohuo. Hivyo mtetezi wa waliokosa kazi alianza utetezi wake akiwa naye hana mshahara wa uhakika. Akiwa na umri wa miaka 23 tu akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya.

Ulikuwa wakati wa hatari. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Vyama vya siasa vya Waafrika vilizuiliwa, viongozi wengi walifungwa, na Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, wakiwamo wanachama na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kukamatwa kwa baba kulimaanisha mshahara kukatika, nyumba kupotea, na mama na watoto kusafirishwa kwa nguvu. Shirikisho la Mboya lilikuwa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizoruhusiwa kusikika, naye aliitumia sauti hiyo kulalamikia mateso ya familia hizo, bila kuwachochea watu kumwaga damu.

Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alishuka pwani. Angeweza kujijengea jina kwa kuwasha moto zaidi. Badala yake aliwashawishi warudi kazini ili shauri lao lipelekwe mbele ya msuluhishi, kisha akasimama mbele ya baraza hilo na kueleza kwa hesabu jinsi kuli anavyoishi, anacholipa kwa chumba, anachokula na kinachobaki. Wafanyakazi wakapata nyongeza kubwa. Wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba karatasi yenye hesabu sahihi inaweza kushinda rungu. Mwaka huohuo lilizaliwa shirikisho la wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, na Mboya alikuwa miongoni mwa waliohimiza liundwe. Katibu mkuu wake akawa Rashidi Kawawa, mwana wa Ruvuma.

Kati ya mwaka 1955 na 1956 Mboya alisoma mambo ya kazi na waajiri katika chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza. Nchi ile ilikuwa imepitia dhiki kubwa ya ukosefu wa kazi katika miaka ya 1930, na baada ya vita ikaweka bima ya taifa kwa wasio na kazi na, mwaka 1948, huduma ya afya kwa raia wote bila malipo wakati wa kutibiwa. Kumbe jambo ambalo makoloni yaliambiwa ni kazi ya ukoo na kijiji, wakoloni wenyewe nyumbani kwao walilifanya kazi ya taifa zima.

WAZIRI NA MIFUKO YA HIFADHI

Hatua zilizofuata zinajulikana, nami nitazipita upesi. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Nairobi. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote huko Accra. Mwaka 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani kwa ndege moja, na mamia wakafuata. Mwaka 1960 akawa katibu mkuu wa chama cha KANU. Januari 1962 alifunga ndoa na Pamela Odede.

Tukawie kwenye kazi zake za uwaziri. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi katika serikali ya mseto iliyotangulia uhuru. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa mahusiano kazini. Kila upande ulikubali kuutambua mwingine, kusikilizana kabla ya kugombana, na kupeleka mashauri kwa wasuluhishi. Mtu aliyewahi kuachishwa kazi bila kusikilizwa ataelewa thamani ya mkataba wa namna hiyo.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mboya akawa Waziri wa Sheria na Katiba, na kuanzia mwisho wa mwaka 1964 Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Tatizo la kwanza lililobisha hodi ni ukosefu wa kazi. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama walipatana kwamba waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza kwa mwaka mmoja. Nia ilikuwa njema. Lakini habari ya kazi ilipoenea, watu waliojitokeza kujiandikisha walikuwa wengi mno kupita nafasi zilizopatikana, na wengi waliacha mashamba wakaja mjini kungoja. Ajira haikuweza kuamriwa tu kwa makubaliano.

Katika miaka hiyohiyo mifuko ya hifadhi iliwekwa. Mwaka 1965 Kenya ilianzisha mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambamo mfanyakazi na mwajiri wote wawili huchangia akiba ya uzeeni. Mwaka huohuo ada ya wagonjwa wa nje iliondolewa katika vituo vya serikali. Mwaka 1966 ulianzishwa mfuko wa taifa wa bima ya hospitali. Haya hayakuwa matunda ya mtu mmoja. Bunge, mawaziri wengine na vyama vya wafanyakazi vilishiriki. Lakini waraka wa mwaka 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango, ambao Mboya ndiye aliyeubeba na kuutetea bungeni, ulitaja waziwazi kwamba uhuru wa kweli ni pamoja na kuwekwa huru kutoka katika uhitaji, maradhi na unyonywaji. Bwana afya wa zamani alikuwa bado anakagua nyumba, ila sasa nyumba ilikuwa nchi nzima.

PALIPOPUNGUA

Ndugu zangu, hatumweki Mboya altareni. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala mimi siandiki ili kumpamba. Alikuwa mwanasiasa hodari, mwenye kupenda kushinda, na alipambana na wapinzani wake kwa ukali ambao haukumpa marafiki wengi.

Hata kazi yake njema ilikuwa na pengo, nalo linatugusa sisi. Mifuko ile ilijengwa juu ya mshahara. Asiye na mwajiri hakuwa na mlango wa kuingilia. Mkulima, mvuvi, mama muuza samaki, kibarua wa siku na kijana asiyepata kazi kabisa, yaani walio wengi, walibaki nje. Waraka wa 1965 nao ulipendelea kuwekeza fedha za maendeleo mahali penye mavuno ya haraka, kwa matumaini kwamba faida itawafikia wengine baadaye. Wakosoaji walisema maeneo yaliyoachwa nyuma na wakoloni yataendelea kuachwa nyuma. Mtu wa Kusini akisoma hayo hahitaji mkalimani.

Sisi nasi tuna kumbukumbu yetu. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na kwa upande wetu kitovu chake kilikuwa Nachingwea. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara na reli kwenda bara. Maelfu walipata vibarua. Mwaka 1951 mradi ukaachwa kwa hasara, na baadaye hata reli iking'olewa. Mashine ziliandikwa katika hesabu za hasara. Wanadamu waliorudi vijijini mikono mitupu hawakuandikwa popote. Walipokewa na nani walipougua? Na wake zao, mashamba yao ya mihogo, na zahanati na hospitali za misheni kama Ndanda, ambako wamisionari Wabenediktini walikuwa wameanza kuuguza watu miongo kadhaa kabla.

KIFO MLANGONI PA DUKA LA DAWA

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Tom Mboya aliingia katika duka la dawa mjini Nairobi kununua kitu. Alipotoka alipigwa risasi. Alikufa akiwa na miaka 38, akaacha mjane na watoto wadogo. Mtu mmoja alishitakiwa, akahukumiwa na kunyongwa, lakini swali la nani alikuwa nyuma yake halijapata kuzimika. Misa ya kumwombea ilifanyika katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, huku nje hasira ya waombolezaji ikilipuka na kuwa ghasia. Alizikwa Rusinga, kisiwani kwa wazazi wake. Mauaji yake yaliacha ufa kati ya makabila, jambo la kuhuzunisha zaidi kwa mtu aliyekulia katika safu za vibarua wa kila kabila.

KANISA LINAFUNDISHA NINI

Maisha haya yanakutana na mafundisho ya Kanisa mahali pengi. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi mwaminifu kuishi, si ule wowote ambao njaa imemlazimisha kuukubali. Aprili 1963, miezi michache kabla ya uhuru wa Kenya, Papa Yohane XXIII katika Pacem in Terris aliweka katika orodha ya haki za binadamu huduma ya afya, na pia haki ya kusaidiwa katika ugonjwa, ulemavu, ujane, uzee na ukosefu wa kazi usio wa hiari. Tazameni jinsi anavyoyaweka pamoja. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alieleza kwamba kuwasaidia wasio na kazi ni wajibu unaotokana na haki ya kila mtu kuishi na kutumia mali za dunia. Si hisani ya mwenye huruma peke yake.

Na kabla ya mapapa, Maandiko. Yoshua bin Sira anamweka anayemnyima jirani riziki yake katika fungu moja na muuaji. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, Bwana wetu anasimulia habari za watu waliokaa sokoni hadi jioni kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwauliza, akawasikiliza, akawapa kazi, na mwisho akawalipa kiasi cha kumtosha mtu na nyumba yake kwa siku moja. Alijua kwamba tumbo la aliyeajiriwa jioni lina njaa sawa na la aliyeajiriwa alfajiri.

Kukosa kazi huuguza kwa njia tatu, nazo tunaziona hapa kwetu. Kwanza huondoa fedha: mtu huchelewa kwenda zahanati, hukatisha dawa, hupunguza mlo. Pili huondoa utaratibu na heshima: aliyekuwa akiamka na jogoo sasa hana pa kwenda, na msimu wa mabibo ukifika uraka na gongo viko karibu kuliko rafiki. Tatu huzaa woga: mtu anaogopa kupimwa, maana akijua ana ugonjwa atalazimika kuutibu. Kisha duara hujifunga, kwa sababu mgonjwa hapati kazi. Mkulima wa korosho naye ana mlango wake wa kuingilia katika duara hilo. Mtoto akiugua kabla ya mavuno, baba huuza korosho zikiwa bado mtini, kwa kangomba, kwa bei ya kutupa. Mnada unapofika hana cha kupeleka ghalani. Ugonjwa wa wiki moja umekula mwaka mzima.

TUFANYE NINI MPAPURA

Tusiseme kwamba haya ni ya serikali tu, wala tusiseme kwamba ni ya Kanisa tu. Nchi yetu nayo imepiga hatua. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1964 na ukageuka kuwa NSSF mwaka 1997. Leo unapokea hata waliojiajiri. Sheria ya mifuko imeongeza fao kwa mwanachama aliyekosa kazi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Pengo lile la wakati wa Mboya linatambuliwa. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake hadi Mpapura. Inabebwa na watu.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Mosi, kila jumuiya ndogo ndogo ijue ni nani katika nyumba zake amepoteza kazi, na imtembelee kabla hajaugua, si baada. Pili, msimu wa korosho, fedha zikiwa mkononi, familia itenge kwanza fedha ya bima ya afya kabla ya pikipiki na sherehe. Mifuko ya kusaidiana na vikundi vya kuweka na kukopa viwe na fungu la ugonjwa, ili mtu asiuze korosho mtini. Tatu, ninyi mnaoajiri, hata kama ni msichana wa kazi za ndani au mpalilia shamba, lipeni kwa wakati, na mfanyakazi akiugua msimfukuze kama jembe lililovunjika mpini. Mwenye kuajiri kwa mkataba apeleke michango ya mfanyakazi wake, maana michango iliyokatwa na kubaki mfukoni mwa mwajiri ni wizi. Nne, vijana, msidharau mafunzo madogo. Aliyekosa karo ya kuendelea na shule alijifunza ukaguzi wa vyoo na maziwa, na kutoka hapo akajifunza kuisoma nchi.

Yule baba niliyemtaja mwanzoni bado anaishi. Jumuiya yake ilichanga, akarudishiwa dawa zake, na kila Jumapili mwanawe humleta kanisani kwa baiskeli. Mkono haujapona. Nilipomwuliza anahitaji nini zaidi, alisema anataka kitu cha kufanya. Basi sasa hukaa chini ya mwembe wa kigango, na kwa mkono wake wa kushoto huchambua korosho za kikundi. Haijamtajirisha. Lakini mkewe asema siku hizi analala usingizi.

Tumwombe Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi awaombee wote waliokosa kazi, na wote wanaougua kwa sababu hiyo. Na roho ya mtumishi wako Thomas, Ee Bwana, pamoja na roho za marehemu waamini wote, zipate rehema kwako zipumzike kwa amani. Amina.